Mkutubi naye apewe muda wa kujifunza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji aliyeandika wiki tatu zilizopita kwamba wakutubi tumeanza kujitwisha mzigo usio wetu. Kwa maoni yake, kazi ya maktaba ni vitabu. Mambo ya barua pepe, simu janja na makundi ya WhatsApp waachiwe vijana, kwa kuwa siku hizi hakuna nyumba isiyo na kijana wa kumwelekeza mzazi wake. Aliandika kwa adabu, nami nitamjibu kwa adabu. Lakini sikubaliani naye hata kidogo.

Huu ni mwaka wangu wa 26 katika ukutubi. Nilianza na droo za kadi za katalogi, zile kadi zilizotobolewa chini na kupitishiwa chuma ili mtu asizichomoe. Leo, kila Jumanne na Alhamisi alasiri, nakaa kwenye meza ndefu nyuma ya rafu za magazeti, penye kompyuta nne, nikifundisha watu wazima kuandikiana. Wengine huja na simu zao. Wengi wamenizidi umri. Ninayoyasema hapa nimeyaona kwenye meza hiyo.

Nianze na huyo kijana wa nyumbani, maana namfahamu vizuri. Huja mara nyingi akimsindikiza mama yake. Mama humwambia, "Hebu nionyeshe namna ya kumtumia shangazi yako hii picha." Kijana huipokea simu, kidole gumba kikaruka huku na kule, kisha huirudisha: "Tayari, mama." Ni kweli, picha imekwenda. Ila mama hakuona kitu. Kesho atauliza tena. Kesho kutwa ataona haya kuuliza, na mtondo ataitia simu mkobani na kusema mambo haya si ya watu wa umri wake. Simlaumu kijana. Anampenda mama yake na ana haraka zake. Lakini amemfanyia, hajamfundisha.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mwaka wangu wa kwanza kwenye meza ile nami nilifanya vivyo hivyo. Mtu akikwama nilinyoosha mkono, nikashika kipanya, nikabofya mara mbili tatu, kisha nikamwambia aendelee. Nilidhani namsaidia. Siku moja bibi mmoja, fundi cherehani, aliushika mkono wangu kabla haujafika, akauweka mezani taratibu. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimefundisha wasichana kushona miaka thelathini. Ukimshikia mwanafunzi kitambaa, anayezidi kuwa fundi ni wewe." Tangu siku ile nafundisha mikono yangu ikiwa mgongoni. Ni vigumu kuliko mtu anavyodhani. Mtu anaitafuta herufi moja kwenye kibodi dakika nzima, wewe unaiona ilipo, na unatakiwa kunyamaza. Akiipata mwenyewe, wiki ijayo hakuulizi tena iko wapi.

Sasa nikueleze habari za mzee mmoja ambaye, Mhariri, anakuhusu. Alikuja maktaba na ukurasa huu huu wa gazeti lako, ameukunja mara nne, akanionyesha mstari wa chini kabisa unaosema maoni yatumwe kwa barua pepe. Kwa miaka mingi alikuwa akiandika barua zake kwa mkono na kuzipeleka posta. "Sasa wanasema hivi," akaniambia, kidole chake kikiwa juu ya alama ya @. "Na hiki kidude ni nini?"

Ningeweza kumwambia ni alama tu, aibofye hapa. Nilimwambia kwamba mwaka 1971 mhandisi mmoja wa Marekani, Ray Tomlinson, alikuwa akitafuta namna ya kupeleka ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na akahitaji alama ya kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta anakopokelea barua. Akachagua hiyo, kwa sababu haimo katika jina la mtu yeyote. Mzee akaitazama tena, akasoma taratibu: "Kwa hiyo ni kama kusema, fulani yuko kwa fulani." Ndivyo hasa. Kushoto mtu, kulia nyumba anakopokelea, katikati "yuko kwa". Miaka yote niliyokuwa nikifundisha sijawahi kuieleza vizuri namna ile, na tangu hapo maelezo yangu ni hayo ya mzee. Watu waliokuwa wakiacha nafasi katikati ya anwani au kuisahau alama yenyewe wamepungua sana.

Wiki ya pili akaandika barua yake ya kwanza, ya kujaribia, aitume kwangu. Nikaenda kumhudumia msomaji mwingine. Niliporudi nikamkuta ameinama, jasho jembamba pajini, anaandika kwa kidole kimoja ndani ya mstari wa mada. Barua yote. Salamu, utangulizi, hoja ya kwanza, na alikuwa njiani kwenda hoja ya pili. Kile kijistari kilikuwa kinayameza maneno yake upande wa kushoto kadiri alivyoongeza upande wa kulia, na yeye alikuwa haoni tena alikoanzia. Alidhani ameyapoteza.

Nimelifikiria sana jambo lile. Mzee hakukosea kwa ujinga. Maisha yake yote barua huanzia juu, na kisanduku kile kilikuwa juu. Kwa mtu anayejua kuandika barua, alifanya jambo la akili. Skrini ndiyo iliyokuwa haijamweleza kitu. Nikachukua karatasi, nikachora barua ya kikazi kama tunavyoiandika: anwani, tarehe, kisha YAH: na kichwa cha habari kikiwa kimepigiwa mstari. Nikamwonyesha, hii YAH: ndiyo mada, barua yenyewe inaanzia kwenye uwanja huu mpana ulio chini. Akanitazama kwa mshangao. "Kumbe ni YAH! Mbona hamkusema tangu mwanzo?"

Hapa ndipo hoja ya msomaji wako inaponishinda kuikubali. Kijana wa nyumbani hangemweleza hivyo, kwa kuwa huenda kijana huyo hajawahi kuandika barua yenye YAH: maishani mwake. Mtu wa kumvusha mzee kutoka karatasi hadi skrini ni yule aliyekaa pande zote mbili. Sisi tuliohamisha katalogi kutoka kwenye droo hadi kwenye kompyuta, kadi kwa kadi, tulivuka njia hiyo kwa miguu.

Kuna jambo jingine, zito kuliko hilo. Katika ukutubi tunafundishwa mapema kwamba swali la kwanza la msomaji mara nyingi silo swali lake. Anayeomba kitabu cha sheria pengine anataka kujua kama mwenye nyumba anaweza kumtoa nje kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo tunauliza tena, polepole, bila kumhoji kama polisi. Mwaka jana alinijia mama mmoja wa makamo akasema, "Nifundishe intaneti." Nikamuuliza, ukishaijua, jambo la kwanza utakalofanya ni lipi? Akanyamaza. Nikamuuliza kama kuna barua anayotaka kuisoma, au kuiandika. Akageuka kutazama nyuma kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba anwani ya barua pepe anayo, alifunguliwa na mpwa wake, lakini nywila anayo mpwa. Barua zake zote mpwa huzisoma kwanza, halafu humweleza zinasemaje. Na sasa kulikuwa na jambo la afya yake ambalo daktari alimtaka amwandikie, na jambo hilo hakutaka mpwa alijue.

Mpwa huyo hakuwa mtu mbaya. Alisaidia, kama msomaji wako anavyopendekeza vijana wasaidie. Lakini fikiria mtu mzima, mwenye watoto wake, asiyeweza kumwandikia daktari wake bila kupitia kwa mtoto wa ndugu yake.

Siku ile sikumfundisha intaneti. Nilimfundisha kufungua anwani yake mwenyewe, na kutunga nywila ya maneno manne marefu yasiyohusiana, anayoweza kuyakumbuka lakini hakuna anayeweza kuyabahatisha. Tuliweka namba yake ya simu, si ya mtu mwingine, kuwa ndiyo ya kurejeshea akaunti akiisahau. Nikamwambia kwamba tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe wa simu ni ufunguo, na hapewi mtu yeyote, awe mpwa, awe mtu anayejitambulisha kuwa wa kampuni, awe mimi. Mwisho tukafanya zoezi la kutoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kwenye kompyuta ya maktaba. Tulilirudia mara tano. Alipokuwa akiandika nywila niligeuza uso nikatazama rafu za magazeti. Ilichukua saa moja na nusu. Aliandika barua yake pale pale, na hadi leo sijui iliandikwa nini.

Maktaba haimwambii mtu yeyote msomaji fulani ameazima kitabu gani. Mume haambiwi cha mkewe, mwajiri haambiwi cha mfanyakazi wake. Huo ni mwiko wa kazi yetu, na kwangu mimi ndio unaoifanya meza ile iwe mahali pake pa kufundishia mambo haya.

Na mwiko huo, Mhariri, niliuvunja mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka michache kabla ya hapo. Ofisi ilileta kompyuta, ikanipa nywila kwenye kipande cha karatasi, na kuanzia Jumatatu iliyofuata matangazo yote kwa wanachama yakawa ya barua pepe. Hakuna aliyekaa nami hata nusu saa. Nilikuwa na tangazo dogo tu la kubadilika kwa saa za kufungua. Nikaingiza anwani 83 kwenye kisanduku cha "Kwa", nikasoma tangazo mara mbili nisikosee tahajia, nikatuma. Kila mmoja wa watu 83 akawa anaziona anwani za wengine 82. Mtu mmoja akabofya "jibu wote" kushukuru, mwingine akabofya "jibu wote" kulalamika, na baada ya robo saa vikasha vya watu vilikuwa vimejaa. Hilo lingeweza kuvumilika. Lakini saa sita mchana dada mmoja alipiga simu. Katika orodha ile alikuwamo mtu ambaye alikuwa amemkimbia, amebadilisha namba na anwani kwa ajili yake, na sasa mtu huyo anayo anwani yake mpya, ameipata kutoka maktaba.

Nilitumia siku mbili kuwaomba radhi watu wote, mmoja mmoja. Dada yule alilazimika kufungua anwani nyingine. Alinisamehe kwa maneno, lakini kadi yake ya uanachama hakuitumia tena.

Kumbe kisanduku cha nakala fiche kilikuwapo pale pale, mstari mmoja chini, umefichwa nyuma ya kitufe kidogo. Ukiweka anwani humo, kila mpokeaji anaona yake tu. Ni jambo la kufundishwa kwa dakika tatu. Nililijua jioni ya siku ile ile, nyumbani, nikisoma peke yangu kwa kutumia bando langu. Nilisomea ukutubi wakati ambapo jambo hilo halikuwamo katika mtaala wowote niliopitia, na tangu nihitimu hakuna aliyewahi kunitengea saa ya kulijua. Hii ndiyo sababu hasa ya barua hii. Tunaombwa kufundisha mambo ambayo sisi wenyewe tunajifunza usiku, tukiwa tumechoka, na gharama ya makosa yetu inalipwa na wasomaji.

Nisiwe mchoyo wa shukrani: walimu nimewapata. Kijana mmoja aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo alinifundisha saa za mapumziko ya mchana kwa miezi mitatu. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba unaweza kuibana anwani ya kiungo kwa kidole, bila kuifungua, ukaona kwanza inakupeleka wapi. Na yupo binti mmoja kiziwi, mwanafunzi wa chuo, aliyekuja nimsaidie kuandika barua za kuomba kazi. Kwa kuwa sikujua lugha ya alama, tulifungua ukurasa mmoja wa maandishi, tukawa tunaandika kwa zamu, yeye kwenye kompyuta yake na mimi kwenye yangu, meza moja. Barua za kazi zilikwisha kwa siku mbili. Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.

Alitaka tujaribu kuzungumza kwa video, mimi nikiwa ofisini na yeye kwenye meza. Nilikaa karibu na kamera kama tunavyokaa wote. Akaniandikia: "Rudi nyuma. Sioni mikono yako." Nikarudi nyuma. Akaandika tena: "Dirisha liko nyuma yako, uso wako ni giza tupu." Nilikuwa nimefundisha watu wengi kupiga simu za video kwa miaka miwili na sikuwahi kuwaza kwamba yupo mtu anayesikiliza kwa macho. Nikageuza meza. Hata kompyuta nne za darasani sasa zimegeuzwa, mwanga unawajia watu usoni. Ni yeye pia aliyeniambia kwamba katika kundi letu la WhatsApp la darasa, kila mtu anapotuma ujumbe wa sauti, kwake mlango unafungwa. Tukakubaliana wote kwamba anayetuma sauti ataandika mstari mmoja chini yake kueleza amesema nini. Fundi wetu wa cherehani, anayeona tabu kuandika, ndiye anayelishika sharti hilo kuliko sisi sote. Huandika maneno matatu, manne, lakini huyaandika.

Kundi hilo limenifundisha jambo jingine kuhusu kazi yangu ya zamani. Siku moja mtu alileta ujumbe wenye vile vishale viwili, alama ya kwamba umeshasambazwa mara nyingi, ukionya kuwa kuanzia kesho saa sita usiku akaunti zote zitafungwa isipokuwa za wale watakaousambaza kwa watu 20. Darasa zima lilikuwa na wasiwasi. Badala ya kuwaambia ni uzushi, niliwaomba tuuchunguze kama tunavyochunguza kitabu kipya kabla ya kukipa namba na kukipanga rafuni. Mwandishi nani? Hayumo. Mchapishaji? Hayumo. Mwaka? Mzee wetu wa YAH: akaurudia ujumbe ule kwa sauti, akasimama kwenye neno moja. "Kesho," akasema. "Kesho ya lini? Hauna tarehe huu. Aliyeusoma mwaka jana naye aliambiwa kesho." Watu wakatazamana. WhatsApp yenyewe iliona haja ya kuzuia, tangu Aprili 2020, ujumbe uliosambazwa mara nyingi usipelekwe kwenye zaidi ya kundi au mtu mmoja kwa mara moja. Kizuizi hicho kinapunguza kasi tu. Swali la "kesho ya lini" linauzima ujumbe, na ni swali la kikutubi kabisa.

Wala haya si mawazo yangu peke yangu. Ilani ya UNESCO na IFLA, lile shirikisho la vyama vya maktaba duniani, kuhusu maktaba za umma, ilipoandikwa mwaka 1994 ilikwisha kutaja kuwasaidia watu kupata stadi za habari na kompyuta kuwa mojawapo ya kazi za msingi za maktaba. Ilipopitiwa upya mwaka 2022 ikataja stadi za kidijitali kwa watu wa rika zote. Lakini ilani hiyo ya 1994 inasema pia kwamba mkutubi ni mtu wa kati anayewaunganisha wasomaji na maarifa, na kwamba mafunzo ya kitaaluma na elimu endelevu kwake ni jambo la lazima ili huduma iwe ya kutosha. Sehemu ya kwanza naisikia ikisomwa kwenye hotuba. Naomba na hiyo ya pili isomwe.

Tena inawezekana bila makuu. Mwaka 2006, katika maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg, jimbo la Carolina Kaskazini nchini Marekani, Helene Blowers aliwaandalia wafanyakazi wenzake mambo 23 ya kujifunza: kufungua blogu, kupandisha picha mtandaoni, kutumia wiki, yaani kurasa za mtandaoni ambazo watu wengi huzihariri pamoja, kusikiliza podikasti na mengineyo. Kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake, akaandika kwenye blogu yake alichojaribu na kilichomshinda. Aliyemaliza alipata zawadi ya kicheza muziki. Maktaba za nchi nyingine zikaiga. Baadhi ya vitu walivyojifunza havitumiki tena leo, na hilo halinisumbui, maana waliokaa na mambo yale 23 walizoea kufungua kitu kipya bila hofu, na mazoea hayo hayachakai pamoja na programu. Ninachowaonea wivu ni kwamba kujifunza kulihesabiwa kuwa kazi.

Ombi langu kwa wanaosimamia maktaba ni dogo. Tupewe saa mbili kwa wiki, ndani ya saa za kazi, kila mkutubi, za kujifunza jambo moja na kulijaribu mpaka likosewe mara kadhaa mahali ambapo kosa halimuumizi msomaji. Ningekuwa na saa mbili hizo kabla ya tangazo langu la anwani 83, dada yule angekuwa bado anaazima vitabu kwetu. Pia, kwenye meza ya mafunzo tuwe wawili. Nikiwa peke yangu na watu sita, siwezi kukaa saa moja na nusu na mama mmoja anayenong'ona.

Msomaji wako ataniuliza, na vitabu je? Vipo, vinaazimwa. Fundi cherehani huniandikia barua pepe kila mwisho wa mwezi kuniagiza nimwekee kitabu kipya cha mishono kikiingia, na hakuna siku aliyonikuta sijamwekea. Yule binti kiziwi aliomba kamusi ya lugha ya alama, hatukuwa nayo, nikaiagiza, na sasa ninayo mimi. Najifunza ukurasa mmoja kwa siku, na vidole vyangu vinaanza kutii.

Nimrudie mzee. Alifanya mazoezi kwa wiki tano. Barua za kujaribia alizonitumia zilikuwa saba, na ya saba ilikuwa na mada mahali pa mada, barua mahali pa barua, na jina lake chini. Alhamisi iliyopita aliniambia leo anakuandikia wewe, Mhariri. Aliuweka ukurasa wa gazeti lako kando ya kibodi, akainakili anwani herufi moja moja, na alipofika kwenye ile alama nikamsikia akisema "yuko kwa". Nikahamia upande wa pili wa meza, nyuma ya skrini, nikawa napanga magazeti. Saa tisa kasoro dakika kumi aliinua kichwa na kusema imekwenda. Imeandikwa nini sikumuuliza.

Wako,
Mkutubi, dawati la huduma kwa wasomaji